Siku kwa siku kwenye njia ya Jenerali Musuguri: kutoka Mwanza na Butiama hadi Lukaya na Kampala

Jenerali David Musuguri alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920, akafariki dunia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, tarehe 29 Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Alitumikia majeshi matatu: KAR (King's African Rifles) ya Mwingereza, Tanganyika Rifles, na JWTZ ambako alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hadi 1988. Rambirambi nyingi zilimtaja kuwa kamanda aliyemng'oa Idi Amin, zikaishia hapo. Habari hiyo ni ya kweli, lakini haimwambii msomaji alifanya nini hasa. Ukitaka kujua, shika barabara. Divisheni ya 20 aliyoiongoza mwaka 1979 katika Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Amin, ilipigana kando ya barabara moja kuu, na ukiipita mwenyewe utaelewa kwa nini mengine yalifanikiwa na mengine nusura yaharibike.

Njia nzima ina lami. Gari dogo linatosha, ila lisiwe la chini sana.

Siku ya kwanza: Mwanza

Leo ni siku ya karatasi. Kila mtu awe na pasipoti au hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Gari linahitaji kadi yake halisi, siyo nakala. Kama gari si lako, chukua barua ya mwenye gari iliyogongwa muhuri. Bima ya kawaida inaishia mpakani, kwa hiyo omba Kadi ya Njano ya COMESA hapa hapa mjini kwa kampuni iliyokukatia bima. Wengi huiacha wakidhani watainunua mpakani, kisha wanafika jioni au siku ya mapumziko na kulala hapo.

Kazi ya pili ni ya kusoma. Magazeti ya zamani yanaliandika jina lake kwa namna mbili, Musuguri na Msuguri. Ukitafuta kwa namna moja tu utakosa nusu ya habari. Angalia pia vyeo. Mwaka 1979 alikuwa Meja Jenerali, na Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo. Ukikuta andiko linalosema Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi wakati wa vita, jua mwandishi amechanganya miaka, na hizo tarehe zake nyingine uzihakiki moja moja.

Mchana ukibaki na nafasi, panda boti kwenda Saanane. Kisiwa kipo mbele ya Capri Point, ni mwendo wa dakika chache tu. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita aina ya Tu-22 ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza ili kuitisha Tanzania irudishe majeshi yake. Mabomu yakaukosa mji, yakaangukia kisiwani na kuua swala. Watu hulicheka tukio hili, na lina kichekesho chake kweli, lakini lilikuja baada ya mapigano ya Lukaya, tutakayoyafikia siku ya sita. Libya ilikuwa imekwisha kupoteza watu huko, na divisheni haikusimama.

Siku ya pili: Butiama

Ondoka saa 12 asubuhi. Ni kama kilomita 200 kupitia Magu, Lamadi na Bunda, halafu unakata kulia Makutano. Kipande cha Lamadi kinapakana na Serengeti. Punguza mwendo hapo hata barabara ikiwa tupu.

Butiama watu wengi huja kwa ajili ya Mwalimu: kaburi lake Mwitongo na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Anza hapo, kwa sababu vijana hawa wawili wa kijiji kimoja walipishana miaka miwili tu ya kuzaliwa (Nyerere ni wa Aprili 1922), mmoja akaenda shule na mwingine jeshini, wakaja kukutana tena mmoja akiwa Amiri Jeshi Mkuu na mwingine akiwa kamanda wake wa divisheni. Musuguri alipostaafu alirudi Butiama, na ndiko alikozikwa Novemba 2024. Kaburi la Mwalimu lina utaratibu wa wageni. Makaburi mengine ya hapa ni ya familia. Hayapigwi picha wala hayaendewi bila mwenyeji. Pita kwanza kwa viongozi wa kijiji, useme umekuja kufanya nini, na ukubali jibu utakalopewa.

Hapa ndipo pa kuusoma mwanzo wake. Aliingia KAR mwaka 1942, akapelekwa Madagaska. Waingereza walikuwa wameshaitwaa bandari ya Diego Suarez mwezi Mei. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikashuka Majunga, pwani ya magharibi, mwezi Septemba, ikasukuma kuelekea kusini hadi wakuu wa Vichy (serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani) walipotia saini kusitisha vita tarehe 6 Novemba. Vita vile havikuwa na mapambano makubwa mengi. Wafaransa waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja na kulaza miti na mawe barabarani, na askari wa KAR wakawa kila siku wanafungua njia kabla ya kupigana. Kwa askari mpya hilo ni darasa la vita vya barabara, na miaka 37 baadaye alihitaji somo hilo hilo.

Familia zinazotafuta kumbukumbu za baba au babu aliyekuwa KAR hukosea hapa mara kwa mara: huandika makao makuu ya JWTZ na kungoja. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari kuivunja Tanganyika Rifles. Utumishi wa KAR ulikuwa chini ya jeshi la Mwingereza. Shajara za vita za vikosi vilivyokwenda Madagaska zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, chini ya jalada WO 174. Lakini shajara ni ya kikosi, si ya mtu. Usitegemee kumkuta askari wa cheo cha chini kwa jina. Unachokipata ni tarehe, mahali, na kikosi kilikuwa wapi siku gani, halafu unalinganisha na alichosimulia mzee nyumbani. Bila namba ya kikosi, kwa mfano 1/6 KAR, jalada halikusaidii.

Mwaka 1947 alipanda kuwa sajini na kuwekwa mkufunzi Kahawa, nje ya Nairobi. Huko alifahamiana na askari mmoja mrefu kutoka Uganda, Idi Amin. Safari hii haiendi Kahawa, ila jambo hilo litunze hadi Lukaya.

Lala Musoma au rudi Mwanza. Kurudi Mwanza kunafaa zaidi, kwa sababu kesho ni ndefu.

Siku ya tatu: Mwanza hadi Bukoba

Zaidi ya kilomita 400. Usagara, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi (limefunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko imekuwa hadithi), Sengerema, Geita, Katoro, Chato, Muleba. Jaza mafuta Geita.

Kituo cha leo ni kimoja, Kaboya, kati ya Muleba na Bukoba, yalipo makaburi ya mashujaa wa Vita vya Kagera. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai, yalifanyika hapo. Hili ni eneo la jeshi. Simama getini, toa kitambulisho cha taifa, eleza sababu, na weka simu mfukoni hadi utakaporuhusiwa. Siku ambayo haifai kuja ni ile ya karibu na 25 Julai kama huna mwaliko, maana askari wanakuwa kwenye maandalizi. Ukikubaliwa, soma misalaba na mawe polepole: cheo, jina, tarehe. Tarehe ndizo zinazosema zaidi. Zilinganishe na orodha ya siku za mapigano (Novemba 1978, Januari, Februari na Machi 1979) uone nani alikufa wakati wa mapigano na nani katikati. Katika vita vya barabara ndefu, magari yanayopinduka na magonjwa navyo vinaua.

Jioni Bukoba ni ya wazee. Waliopigana vita vile wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wana miaka ya mwisho ya 60 au zaidi, na waliokuwa na vyeo wamekaribia kwisha. Kumhoji mkongwe kuna taratibu zake. Mwamkie shikamoo, mwite kwa cheo chake cha mwisho kama anakipenda, na usianze na risasi. Anza na namba yake ya jeshi, ambayo hakuna askari anayeisahau, kisha depo alikofunzwa, kikosi, jina la kamanda wa kombania. Baada ya hapo mtandikie ramani mezani na umwachie kidole. Tarehe za kichwani huteleza kwa wiki nzima, ila mto, kilima na njia panda mkongwe anavikumbuka vizuri. Rekodi kwa vifaa viwili, simu na kinasa sauti, maana simu ikipigiwa hukata. Usimuulize aliua wangapi. Mwanamgambo umuulize kama mwanamgambo: jeshi lililokuwa chini ya watu 40,000 lilikua likazidi 150,000 kwa wiki chache, na kama 40,000 kati yao walikuwa wanamgambo. Wengi wao hawana namba ya jeshi, na karatasi zao zikitafutwa hazionekani. Sauti yao ndiyo kumbukumbu pekee.

Siku ya nne: Kyaka na Mutukula

Bukoba hadi mpakani ni kama kilomita 80, kwa hiyo leo kuna muda wa kutosha kusimama Kyaka.

Simama kabla ya daraja. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia yakatwaa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kuwa eneo hilo ni lake. Tarehe 2 Mwalimu akalihutubia taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tarehe 3 daraja la Kyaka likavunjwa. Ndege zilijaribu kulipiga zikashindwa, ndipo akaletwa fundi wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe. Amin alidhani bila daraja JWTZ haivuki.

Ilivuka kwa daraja la Bailey, na ukisimama ukingoni utaelewa kwa nini lilifaa. Daraja hilo ni vipande vya chuma, kila kimoja kina urefu wa futi 10 na uzito wa kilo kama 260, watu sita wanakibeba kwa vyuma vya kupitisha chini yake. Vinaungwa kwa pini, bila kuchomelea wala kreni. Linajengwa lote upande wako wa mto, likiwa juu ya magurudumu, likiwa na pua nyepesi mbele, kisha linasukumwa hadi pua iguse ng'ambo. Kosa linalolimaliza ni kusukuma kabla ya kuweka uzito wa kutosha nyuma: pua inainama, daraja linaingia mtoni. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika upande wako, na anayerusha mizinga ng'ambo hana muda mrefu wa kulenga.

Karibu na daraja yamo magofu ya kanisa Katoliki lililopigwa katika vita. Yameachwa makusudi. Picha za magofu hazina shida, ila za daraja omba ruhusa kwanza.

Mutukula ina kituo kimoja cha pamoja tangu 2017: ukitoka Tanzania hushuki upande wa Tanzania, unapita moja kwa moja na kumaliza yote upande wa Uganda. Dereva asiyejua husimama mara mbili na kupoteza saa nzima. Usifuate foleni ya malori.

JWTZ iliitwaa Mutukula usiku wa tarehe 21 Januari 1979. Anayeandika kumbukumbu ya kweli asiliruke lililofuata: askari waliokuwa wameona yaliyofanyika Kagera walilipiza kisasi, mji ukasawazishwa kwa tingatinga na raia wakauawa. Mwalimu aliposikia alishtuka na kuamuru raia na mali zao wasiguswe. Ni baada ya Mutukula ndipo Musuguri alipokabidhiwa Divisheni ya 20 na kuamriwa aingie ndani zaidi ya Uganda. Alipokea divisheni iliyokwisha kuonja ushindi na kisasi kwa pamoja.

Siku ya tano: Masaka

Kilomita 90 hivi kupitia Kyotera. Vilima vya kushoto na kulia baada ya Kakuuto ndivyo vilivyopiganiwa katikati ya Februari. Masaka ilianguka tarehe 24, Mbarara siku iliyofuata, iliyokuwa kazi ya Brigedi ya 206 ya Silas Mayunga, “Mti Mkavu”. Miji yote miwili ilibomolewa vibaya kwa mizinga na baruti. Wazee wa Masaka bado wanayaita yale maroketi ya Watanzania saba saba. Kiswahili kwao ni lugha ya askari, na kwa sababu nzuri. Tafuta mkalimani wa Kiganda, usijitambulishe kwa majigambo ya ushindi, na usishangae mtu mmoja akikushukuru na jirani yake akikuonyesha nyumba iliyobomolewa.

Siku ya sita: Lukaya

Siku hii isiunganishwe na nyingine yoyote. Ondoka Masaka mapema, nenda Lukaya mjini, egesha kituo cha mafuta, kisha chukua bodaboda ikupeleke polepole hadi mwanzo wa bwawa la Lwera na kurudi. Kusimamisha gari juu ya tuta lenyewe ni hatari: malori na mabasi yanapishana kwa kasi, na pembeni hakuna pa kukimbilia, ni mafunjo na maji. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya Mto Katonga yaliikata barabara hii na magari yakazungushwa kupitia Mpigi na Sembabule. Ukisafiri miezi ya masika, uliza hali ya Lwera kabla ya kutoka Masaka.

Utakachokiona ni tuta la barabara linalokatiza kilomita nyingi za bwawa. Gari la mbele likisimama, yote ya nyuma yamesimama. Kifaru hakiwezi kushuka kando, na askari akishuka anazama hadi kifuani. Mwezi Machi 1979 divisheni ilitakiwa ipite hapa kwenda Kampala, na adui akilipua tuta, safari imekwisha. Mpango ulikuwa wa njia mbili: Brigedi ya 201 ipite juu ya tuta, na Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa izunguke ukingo wa magharibi wa bwawa, ili njia moja ikizibwa nyingine ibaki.

Tarehe 10 Machi Walibya wapatao 1,000, wakiwa na vifaru vya T-55 na maroketi, walikuja pamoja na Waganda kuikomboa Masaka. Wakakutana na Brigedi ya 201 hapa Lukaya. Maroketi yalipita juu ya vichwa bila kudhuru wengi. Lakini brigedi ile ilikuwa na wanamgambo wengi ambao hawajawahi kuusikia mlio ule. Wakavunjika wakakimbia.

Hapa ndipo alipofanya kazi ambayo ingetosha kukumbukwa nayo peke yake. Kamanda mwingine angeirudisha 201 nyuma hadi Masaka na kujipanga upya. Ingekuwa salama, na ingempa adui tuta. Musuguri aliamuru 201 ikusanywe na kushika pale pale. 208, iliyokuwa kama kilomita 60 kaskazini-magharibi, akaigeuza usiku ule itoke kwenye njia yake, izunguke na kuikamata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 ilikuwa imefika. Ikapiga kutoka nyuma na ubavuni, 201 ikapiga kutoka mbele. Tuta lililowaziba Watanzania jana yake sasa likawaziba Walibya: vifaru havikuweza kugeuka wala kupanuka. Walibya kama 200 walikufa, na Waganda idadi inayokaribia hiyo. Kamanda wa Waganda, Luteni Kanali Godwin Sule, naye akafia hapo. Jeshi la Amin lilidhoofika sana baada ya siku hiyo.

Wakati wa kusimulia, makosa matatu hujirudia. Kwanza, kusema 208 ilikuwa akiba. Haikuwa akiba, ilikuwa na njia na kazi yake, na ugumu ulikuwa kuigeuza gizani bila kuipoteza. Pili, kuwaita wanamgambo waoga. Watu wale wale waliokimbia tarehe 10 ndio walioshambulia kutoka mbele tarehe 11. Tatu, kusahau Kahawa. Wapinzani wa siku ile, Musuguri na Amin, walitoka shule moja ya KAR, lakini mmoja alibaki kuwa mkufunzi wa askari na mwingine alikuwa na miaka minane Ikulu.

Lala Masaka au songa hadi Mpigi. Njiani, Kayabwe, kuna alama ya ikweta na foleni ya watu wa picha.

Siku ya saba: Entebbe na Kampala

Brigedi ya 208 iliitwaa Entebbe tarehe 7 Aprili, pamoja na uwanja wa ndege ambao Libya ilikuwa inautumia kuleta watu na silaha. Uwanja huo leo haupigwi picha, usijaribu. Kampala ilianguka tarehe 10 na 11 Aprili. Barabara ya Jinja iliachwa wazi makusudi ili Walibya waliobaki watoke bila kupigana hadi mtu wa mwisho ndani ya mji. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, panda kilima cha Kololo asubuhi ukaangalie mashariki.

Msongamano wa Kampala unakula siku nzima. Kwa wenye nafasi ya kuendelea, njia ya divisheni ilikwenda Jinja, Lira, Gulu na hatimaye Arua, na vita vikahesabiwa kuisha tarehe 3 Juni 1979. Ongeza siku nne, badilisha fedha Kampala kabla ya kupanda kaskazini, na weka tairi mbili za akiba badala ya moja.